Mkono Uliofagia Uwanja

Habari ililetwa na mtu mwenye viatu safi mno.

Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na mshonaji alikuwa anatia kola kwenye shati la nane kati ya mashati ishirini ya shule. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Mwanga ulipozibika akainua macho, pini mbili bado ziko mdomoni. Mlangoni alisimama mlinzi wa msitu, kijana mrefu wa kuinamia kila mlango, kofia ameikunja mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Kama ni suruali, leo sipokei."

"Si suruali, mama. Nimetoka kwa kaka yako."

"Anasemaje?"

Mlinzi akaitazama kofia yake. "Hasemi kitu, mama. Nimemkuta kwenye kiti chake. Amepumzika."

Mshonaji akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kifuko chake cha pini. Hakupiga yowe. Kichwa kilimshuka chenyewe, akaona viatu. Jana yake ilinyesha mvua ya nguvu, na njia ya kwenda kwa kaka yake ni udongo mwekundu unaong'ang'ania hata kwato za ng'ombe. Viatu vya mlinzi vilikuwa safi kama vya bwana harusi. Basi kabla chozi halijaja lilikuja wazo, nalo likakaa: huyu amenawa nini?

Marehemu, Mungu amrehemu, mjini aliitwa Fagio, na mwenyewe aliliitikia jina hilo. Alikuwa mwindaji mwenye kibali, bunduki moja na nyumba ya mbao ya vyumba viwili ndani kabisa ya eneo alilowinda, mwendo wa saa tatu kwa miguu kutoka nyumba ya mwisho ya mji. Aliishi huko miaka thelathini na minne. Kila jioni, jua likiwa bado lipo, alishika ufagio wa vijiti akaufagia uwanja wote kuzunguka nyumba, akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Asubuhi alifungua mlango na kusoma. Udongo uliofagiwa ulimwambia nani kapita: nungunungu, kicheche, kundi la kanga, paa jike anayemtembeza mtoto. Sisi watu wa mjini tuliposikia habari hiyo tulijishika mbavu. Mtu mzima anafagia msitu!

"Ukimaliza huko uje utufagilie na mto," muuza duka mmoja alimwambia.

"Mto nitaufagia," akajibu, "wewe uanze na duka lako."

Ulimi wake ulikuwa hivyo, lakini kinyongo hakuwa nacho.

Hakuanzia huko. Ujanani alikuwa seremala, akawinda Jumamosi tu, anatoka mjini alfajiri na kurudi jioni na nyama begani. Jumamosi moja alipiga paa. Alipomchuna akakuta maziwa yanamchuruzika. Kesho yake, Jumapili, alikosa ibada kwa mara ya kwanza maishani mwake, akarudi kule kutafuta mtoto. Alimsikia akilia vichakani, huku na huku, mpaka sauti ikanyamaza. Hakumpata. Mwezi ule haukwisha, akazibeba mbao zake zote na kwenda kujenga. Dada yake, wakati huo msichana wa shule, alimuuliza kwa nini.

"Siui tena mahali nisipolala," akasema. "Wewe ungeingia nyumba ya watu usiowajua, ukamchukua mama yao, ukaondoka zako?"

Kulikuwa na mwalimu mmoja nusura amwoe. Mwalimu yule alikwenda kuiona nyumba, akakaa kutwa, akasema nyumba nzuri, mwanamume mzuri, lakini yeye hawezi kuwa mke mwenza wa uwanja. Fagio alilirudia neno hilo maisha yake yote, akilicheka, na hakuoa.

Kila wiki ya pili alikuja mjini na nyama kavu, akaketi kwenye benchi la dada yake, akanywa chai na kusimulia wanyama kama mtu anayesimulia majirani. Kwa miaka miwili hii ya mwisho kulikuwa na hadithi nyingine, ya barua. Ofisi ya misitu iliamua kwamba hakuna mtu wa kuishi ndani ya msitu tena, na mlinzi ndiye aliyetumwa kumpelekea barua za kumtaka ahame.

"Yule mrefu kaja tena na barua yake," alisema, akapuliza chai.

Hakuongeza. Aliyeongeza ni dada yake, kichwani mwake, kila alipokanyaga cherehani: aliona mtu wa kofia amemsimamia kaka yake mlangoni, anamwonyesha kidole. Halafu kaka akaanza kuja kwa nadra, anasema miguu imechoka. Mshonaji naye alisema ataenda kumwona mwezi ujao. Kukawa na mashati ya shule, kukawa na harusi za watu, na mwezi ujao ukawa haufiki.

Siku ile ile ya habari walikwenda kumchukua. Walikuwa watatu katika gari la zahanati: mshonaji, kaka yao mkubwa ambaye ni dereva wa lori aliyestaafu, na muuguzi, mwanamke mpole aliyekuja na mkoba wake. Mlinzi alitangulia na pikipiki. Njia ya gari inaishia kwenye kijito. Kutoka hapo ni dakika kumi kwa miguu. Walipofika kijitoni wakamkuta mlinzi ameegemea pikipiki yake.

"Shemeji, tangulia utuonyeshe," muuguzi alimwambia.

"Nitabaki na gari," akasema mlinzi. "Nendeni nyinyi, ni watu wa nyumbani."

Mshonaji aliyapokea maneno mawili hayo akayaweka. La kwanza, shemeji. La pili, kwa nini hataki kurudi pale ndani?

Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mshonaji akatandaza mkono kuwazuia wenzake wasiukanyage.

"Kaka, tazama."

"Natazama. Ni uwanja."

"Mlinzi anasema aliingia asubuhi hii, akamkuta, akatoka. Nyayo zake ziko wapi?"

Kaka mkubwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kutoka njiani mpaka mlangoni hapakuwa na alama hata ya ndege. "Labda alipita pembeni."

"Pembeni ni miba mitupu. Au aliruka?"

Akachuchumaa. Mtu aliyeshika mkasi zaidi ya miaka thelathini anajua kazi ya mkono wa kushoto na kazi ya mkono wa kulia, na Fagio alikuwa mashoto. Mistari ya ufagio wake siku zote ililalia upande mmoja, mifupi, imebanana kama mishono ya cherehani. Mistari hii ililalia upande wa pili. Tena ilikuwa mipana, ya mtu mwenye mkono mrefu.

"Hapa hakufagia kaka," akasema. "Kafagia mtu wa mkono wa kulia. Kafagia kufuta."

"Mdogo wangu," kaka mkubwa akasema taratibu, "tumekuja kuchukua maiti. Hatukuja kupima kitambaa."

Akapita, naye muuguzi akamfuata, nyayo zao zikaichafua kazi ile ya siri.

Ndani, Fagio alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kichwa kimeegemea ukuta, blanketi juu ya miguu. Bunduki ilikuwa kwenye vigingi vyake, imepakwa mafuta. Mezani palikuwa na bahasha tatu za ofisi ya misitu, zimepangwa moja juu ya nyingine, hakuna iliyofunguliwa. Na juu ya kibao cha vyombo palikuwa na vikombe viwili. Mshonaji alivihesabu mara mbili. Kaka yake alikuwa mtu wa kikombe kimoja. Yeye mwenyewe kila alipokuja alinyweshwa chai kwenye kopo, wakalicheka kopo hilo.

Muuguzi alipiga magoti, akampima, akamfumba macho vizuri. "Ni moyo," akasema. "Alikuja kwangu mara mbili kwa ajili ya kifua. Nilimwandikia aende hospitali kubwa, akaniambia atafikiria. Akanikataza nisiwaambie."

"Na wewe ukakatazika."

"Ndiyo kazi yetu, dada. Siri ya mgonjwa ni yake."

"Mlinzi ni shemeji yako kweli, au wa mdomoni?"

Muuguzi akamtazama kwa mshangao. "Mdogo wa mume wangu. Mji wenyewe huu, dada, nani si ndugu wa nani?"

Mshonaji akalinyosha blanketi la marehemu. Lakini sasa shaka yake ilikuwa na watu wawili, na ilipokuwa na wawili ilitembea haraka zaidi.

Jumamosi watu walijaa nyumbani kwake. Mchungaji alikuja, akaomba, akapendekeza mazishi yawe Jumatano. Mlinzi naye akaja, safari hii na karatasi yenye mhuri: ofisi yake inaruhusu marehemu azikwe kule kule alikoishi. Watu wakaguna kwa kuridhika. Mshonaji peke yake hakuguna. Alikuwa ameweka tayari maneno mengine, ya kusema kwamba ofisi inataka maiti aje mjini ili kule pasibaki kaburi la kudai ardhi. Sasa karatasi ilimgeuzia njia, naye akageuka nayo: kwa nini anataka kaka azikwe mbali na macho ya watu, na karatasi imepatikana upesi hivi?

"Baba," akamwita mlinzi mbele ya wote, "nani alikutuma ukaombe karatasi hii?"

"Hakuna, mama. Mwenyewe alitaka azikwe kule."

"Alikuambia lini? Wewe uliyekuwa unampelekea barua za kumfukuza?"

Mlinzi akaikunja karatasi yake.

"Haya, tuache hilo. Jana ulipomkuta ulifanya nini?"

"Nilimgusa shingo. Nikamfunika miguu. Nikatoka."

"Ukatoka ukafanya nini?"

Mlinzi akamtazama kaka mkubwa, akamtazama muuguzi, akautazama umati wa watu waliokaa kwenye mikeka. "Nikaja kwako, mama," akasema. Akaaga, akaondoka kabla ya chai.

Watu walipopungua, kaka mkubwa alimfuata dada yake chumba cha kushonea.

"Unataka kumzika mtu au kumfunga mtu?"

"Nataka kujua. Jumanne asubuhi nakwenda polisi kuandikisha. Jina lake nalitaja, na uwanja nautaja. Mpaka hapo kaka hazikwi."

"Na ukiwa umekosea? Kijana atalala mahabusu, kazi imeshakwenda, ana watoto wawili. Utamwambia nini Mungu?"

"Na nikiwa sijakosea, wewe utamwambia nini Fagio?"

Kaka mkubwa alikaa juu ya magunia ya vitambaa, mtu mzima wa miaka sitini na nne, akalia bila sauti. Mshonaji akamwekea mkono begani, lakini neno lake hakulirudisha.

Jumapili alikwenda ibadani. Tangu utoto alikuwa akiomba kama mtu anavyopumua, na siku ile pumzi ilikatika. Kila alipofumba macho aliona viatu. Muuguzi, aliyeketi mabenchi mawili mbele, aligeuka akamtabasamulia kwa huruma, naye mshonaji akajifanya anatafuta ukurasa. Wimbo ulipoanza aliimba kwa midomo tu. Rohoni alisema, Bwana, nionyeshe, lakini aliyetaka kuonyeshwa ni mlinzi mwenye hatia.

Jumatatu mchana alikwenda peke yake kuchukua koti la marehemu la kuzikiwa. Hivyo ndivyo alivyoaga nyumbani. Ukweli ni kwamba alitaka kuiona nyumba bila mtu kumwambia apite. Dereva wa lori la mchanga alimshusha kijitoni na kuahidi kumpitia baada ya saa mbili.

Uwanja ulikuwa na nyayo za Ijumaa, zao wenyewe, za kuingia na za kutoka na machela. Aliingia. Nyumba ilikuwa na harufu ya moshi baridi na mafuta ya bunduki. Koti lilikuwa nyuma ya mlango, na alipolitoa akaona kilichokuwa chini yake: fagio mbili.

Wa kwanza aliujua. Ulikuwa mfupi, umelika upande, mpini wake umeng'aa kwa mkono wa kushoto. Wa pili ulikuwa mpya zaidi na mpini wake ulimpita yeye kichwa. Pale pa kushikia palikuwa pamezungushiwa kitambaa cha kijani ili mkono usichubuke. Akakigusa kitambaa, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Kulikuwa na kiraka, na kiraka kile kilikuwa na mshono wa kurudia mara tatu kwenye kona. Hakuna mwingine mjini aliyeshona kona hivyo. Mwaka uliopita kaka yake alimletea shati la kijani lililochanika kiwiko. La nani, alimuuliza. La rafiki, akajibu. Yeye akatia kiraka, akamtania kwamba kumbe msituni kuna marafiki wenye mikono.

Akakaa kwenye kiti cha marehemu bila kukusudia. Juu ya rafu, chini ya Biblia, palikuwa na madaftari ya shule, mengi, kingo zimejikunja. Alijua kwamba kaka yake aliandika alichosoma uwanjani kila asubuhi, hakuwahi kuyafungua. Akachukua la juu. Ndani ya jalada paliandikwa kwa mwandiko ule mkubwa unaolala nyuma:

"Kuanzia leo mgeni akiondoka afagie mwenyewe nyuma yake. Zamani nilimsindikiza mgeni nikarudi nafagia, sasa kifua hakitaki. Asipofagia, asubuhi nitasoma nyayo zake badala ya kusoma za wenyewe."

Wenyewe ndio wanyama. Siku zote aliwaita hivyo. Tarehe ilikuwa ya miezi sita iliyopita. Mshonaji mwenyewe alikuja mara ya mwisho mwezi mmoja kabla yake.

Akasoma mbele.

"Jumanne. Nungunungu wawili, mmoja anachechemea. Mrefu alikuja jana, amefagia, kona ya pipa ameiruka tena."

"Jumamosi. Kanga wengi. Mrefu jana kaleta barua na sukari. Barua tumeiweka na wenzake. Anasema ofisini anaandika kwamba hakunikuta. Nimemwambia uongo ni uongo, akasema basi anywe chai kwanza halafu atatubu."

"Mgongo unamuuma akiinama. Nimemkatia mpini mrefu. Nimemnunulia na kikombe, amechoka kopo."

"Paa jike na mtoto karibu na pipa. Simpigi mpaka mtoto aache kunyonya."

"Kifua. Sijatoka. Kicheche amekuja mpaka mlangoni, hana adabu."

Na mahali pengi, katikati ya wanyama, mstari mmoja uliorudi na kurudi: "Nyayo za dada hakuna."

Mstari huo aliusoma mara ngapi hajui. Alilifunga daftari pale aliposikia pikipiki inazimika kule kijitoni. Nyayo zikaja, nzito, zikasimama nje ya uwanja.

"Hodi," ikasema sauti ya mlinzi. "Mama, ni wewe? Nimeona alama za viatu vya kike."

"Ingia."

Aliinama mlangoni. Hakuvaa sare, na mikononi alikuwa na madumu mawili ya maji. Akaona ufagio mrefu umelala mapajani mwa mshonaji, akayaweka madumu chini.

"Nimekuja kujaza pipa," akasema. "Lile la nje. Wenyewe wamezoea kunywa pale."

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini, mama?"

"Kwamba ulifagia."

Mlinzi akachuchumaa, mgongo ameuegemeza kwenye mlango, akawa sawa na macho ya mshonaji. "Uliniuliza mbele ya watu. Ofisini miaka miwili nimeandika kwamba simpati nyumbani, na huku nakunywa chai yake kila Jumatatu na kila Ijumaa. Ningesema nilifagia, ungeniuliza nani alinifundisha. Ningefukuzwa siku ile ile." Akasogeza dumu moja kando. "Na pia niliona aibu. Siku ile nimemfunika, nimetoka, nimechukua ufagio, nimefagia mpaka njiani. Kwa mazoea tu. Nilikuwa nimeshaurudisha ufagio kwa kupita pembeni pale kwenye miba mpaka mlango wa nyuma, nimefika kwenye pikipiki, ndipo nikakumbuka kwamba hakuna wa kusoma kesho. Ndiyo maana sikuweza kuingia tena pamoja nanyi."

Akavuta suruali juu kidogo. Muundi wake wote ulikuwa na mikwaruzo iliyoanza kukauka.

Mshonaji aliitazama mikwaruzo ile. Bado kulikuwa na kitu kinamwasha, na alikuwa mtu wa kumaliza uzi.

"Na viatu?"

"Viatu gani?"

"Ulikuja kwangu na viatu safi."

"Niliviosha hapo kijitoni." Akasema kama anayeona haya zaidi kwa hili kuliko kwa lile. "Wewe una vitambaa vya watu vyeupe pale chini. Sikutaka kuleta habari kama ile na matope juu yake."

"Na barua? Ungemhamisha?"

"Mwaka ukiisha wangetuma watu wengine. Nisingeweza kuzuia, mama, sikudanganyi. Alijua. Alisema ataondoka hapa kwa njia yake."

Wakakaa. Nje kanga walikuwa wanapiga kelele zao za mabati. Mwishowe mshonaji akafungua daftari kwenye mstari ule, akamgeuzia.

"Na huu alikuwa anausema?"

Mlinzi akasoma, akalirudisha daftari. "Kila nilipokuja aliniuliza kama nimekuona mjini. Nilimwambia una kazi nyingi. Akasema, muache, anavisha watoto wa watu."

Hapo ndipo chozi lilipokuja, lile lililokuwa limesubiri tangu Ijumaa. Mlinzi akatoka nje, akajaza pipa, akachukua muda mrefu kuliko inavyohitaji pipa. Aliporudi mshonaji alikuwa amekunja koti.

"Jumanne nilikuwa niende polisi kukutaja," akamwambia. Hakutaka kuliacha jambo hilo chini ya mkeka. "Nisamehe."

"Shemeji alihisi. Akaniambia nisikimbie, maana nikikimbia nitafanana na mwizi." Akatabasamu kidogo. "Wewe umeuona mkono wangu mara moja. Yeye ilimchukua mwezi."

Waliondoka pamoja. Mlinzi aliushika ule ufagio mrefu akatembea kinyumenyume, mistari ikilalia kulia, mipana, na alipofika kwenye kona ya pipa akasita, akarudi, akaifagia.

Jioni ile mshonaji alimweleza kaka mkubwa kila kitu, na asubuhi ya Jumanne alikwenda kwa muuguzi kabla ya kwenda popote, akabisha hodi, akamwomba radhi akiwa amesimama. Usiku aliomba, na pumzi ilikuwepo. Hata hivyo shaka haikuondoka yote kwa siku moja. Mshukiwa aliyebaki mikononi mwake sasa alikuwa yeye mwenyewe, na huyo hakuweza kumpeleka polisi.

Jumatano tulimzika. Gari lilifika kijitoni saa tano. Jeneza lilibebwa na wanaume sita kwa zamu, na mlinzi, kwa sababu ya urefu wake, alipewa mbele pale njia inaposhuka. Watu walikuwa sitini na kitu. Muuza duka yule wa mto alikuja, na mwalimu yule aliyekataa kuolewa naye alikuja na mumewe, akaweka maua. Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, upande ambao wenyewe hawapiti. Mlinzi ndiye aliyeonyesha mahali. Ndani ya jeneza mshonaji alikuwa ameweka kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, na mkononi mwa marehemu hakuweka kitu, hata ufagio wake.

Mchungaji alisoma, akaomba. Kaka mkubwa alisema maneno machache, kwamba mdogo wake hakuwahi kuchukua kwa Mungu kitu asichojua kinatoka wapi. Tuliimba nyimbo mbili. Udongo ulirudishwa, msalaba ukasimamishwa, kila aliyetaka akashika konzi yake ya udongo akatupia. Mshonaji alitupia mwisho. Alisema, "Nimekuja, kaka."

Ilipofika saa tisa watu walianza kurudi kijitoni. Uwanja wote ulikuwa umekanyagwa, nyayo juu ya nyayo. Mlinzi akaingia ndani akatoka na fagio zote mbili, akampa mshonaji ule mfupi. Mshonaji aliushika kwa mkono wa kulia, haukukaa, akauhamishia wa kushoto. Wakaanzia kaburini, wakazunguka nyumba, wakapita kwenye pipa, wakirudi nyuma polepole mpaka kwenye njia. Walipofika mwisho wakaegemeza fagio kwenye mti wa kwanza, wakasimama kidogo kuutazama uwanja, halafu wakaenda kupanda gari.